Sura ya Nne: Jerikeni Tatu Zinatosha

Alfajiri, kabla lango halijafunguliwa, kitambaa kikavu huwa kimeshapita juu ya boneti. Katika nyumba nyingi za Kampala, kuanzia Ntinda hadi Najjanankumbi, ndiyo desturi: dereva, mlinzi au mwenye gari mwenyewe hufuta vumbi la usiku ili gari litoke likimeremeta. Nia ni njema, na gari kweli humeremeta hadi mchana. Miezi michache baadaye, jua la jioni likiipiga boneti ubavuni, inaonekana mikwaruzo myembamba mamia kwa mamia, imezunguka kila mahali mkono ulipopita. Rangi nyeusi huwa ya kijivu na nyekundu hupauka. Mwenye gari hulilaumu jua, na kitambaa kinaendelea na kazi yake kesho yake asubuhi.

Vumbi jekundu la mji huu ni moramu iliyosagwa na matairi. Wekundu wake unatokana na madini ya chuma yaliyobaki baada ya mvua na joto kuyameng'enya mawe kwa muda mrefu mno. Pamoja na chuma hicho zimebaki chembe za kwatzi, madini yaleyale yanayofanya mchanga kuwa mchanga. Katika kipimo cha Mohs, kinachopanga madini kwa ugumu kuanzia 1 hadi 10, kwatzi ni 7. Kioo cha dirisha hakifiki 6, ndiyo maana kwatzi hukichana. Rangi ya gari ni laini kuliko kioo. Magari ya siku hizi yana tabaka la vanishi angavu juu ya rangi, na unene wake kwa kawaida ni maikroni 40 hadi 50 tu, pungufu ya unywele mmoja wa kichwani. Tabaka hilo ndilo linaloikinga rangi na jua. Kila mkwaruzo hulipunguza, na kila anayelipeleka gari kung'arishwa kwa mashine ili kuondoa mikwaruzo hulipunguza tena.

Hapa kwetu jambo hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu magari mengi hutufikia yakiwa yameshatumika. Yanashushwa Mombasa, yanasafirishwa kwa barabara hadi Kampala, na yanasubiri wanunuzi katika mabondi ya magari. Sheria ya usalama barabarani iliyorekebishwa mwaka 2018 inakataza kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, lakini hata gari la miaka kumi limeshaoshwa, limeshasuguliwa na pengine limeshang'arishwa mara nyingi kabla halijakufikia wewe. Vanishi iliyobaki ndiyo uliyonayo, na duka linaloiuza kwa kopo halirudishi ile ya kiwandani.

Kwa hiyo gari lioshwe, na lioshwe kwa maji. Hapo wengi hufungua bomba, wakaingiza mpira wa maji na kuacha utiririke hadi kazi iishe. Sura hii inatetea njia nyingine. Kulitunza gari na kuyatunza maji ni kazi moja, inayofanywa na mkono mmoja kwa utaratibu mmoja. Anayeosha kwa mpangilio hutumia maji machache, na mwenye maji machache anaweza kuamua yaende wapi.

Maji yatokako na yaendako

Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Viktoria. Kwa karibu karne moja yamekuwa yakisafishwa Ggaba, ukingoni mwa Ghuba ya Murchison, na tangu mwaka 1972 kazi ya maji iko mikononi mwa Shirika la Taifa la Maji na Majitaka, ambalo watu hulitaja kwa herufi zake, NWSC. Kutoka ziwani maji husukumwa kwa pampu kupanda vilima hadi kwenye matangi ya juu, kisha hushuka kwa mabomba hadi nyumbani. Jerikeni moja ya lita 20 unayoiona uani imeshagharimu umeme, dawa na kazi ya watu.

Sasa fuata maji yanayotoka nje ya lango. Mteremko wa Nakasero, Kibuli, Katwe au Namuwongo hupeleka maji ya mvua na ya mitaro katika mfereji wa Nakivubo. Mfereji huo hukata katikati ya mji, hupita kandokando ya Bugolobi, huingia katika kinamasi na kuishia Ghuba ya Murchison, kilomita chache tu kutoka mahali Ggaba inapovuta maji. Upande wa pili wa mji, maji ya Bwaise, Kawempe na Nansana huenda katika kinamasi cha Lubigi, kisha mto Mayanja, kisha Kafu, mpaka Naili. Mkazi wa upande wa Nakivubo anayemwaga povu mtaroni analirudisha ziwani, na ziwani ndiko anakochota.

Kwa miaka mingi kinamasi cha Nakivubo kimebeba mzigo huo. Mafunjo na magugu yake hupunguza kasi ya maji, tope hutuama, na mizizi hufyonza naitrojeni na fosforasi. Mwaka 1999 Frank Kansiime na Maimuna Nalubega walichapisha utafiti mkubwa juu ya namna kinamasi hicho kinavyosafisha majitaka. Mwaka huohuo Lucy Emerton na wenzake walikadiria kwamba kazi hiyo peke yake ilikuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka. Tangu hapo kinamasi kimeliwa na viwanda, makazi na mashamba ya mayuni, na maji hupita kwa haraka zaidi yakiwa machafu zaidi. Virutubisho vikizidi ghubani, mwani hustawi na maji huwa ya kijani, na kuyasafisha Ggaba kunataka dawa na fedha zaidi. Hali hiyo ni miongoni mwa sababu zilizofanya mtambo mpya ujengwe mbali, Katosi, wilayani Mukono.

Povu la gari moja si kitu mbele ya majitaka ya mji mzima. Lakini maji ya kuoshea gari yana vitu ambavyo mafunjo hayavipendi: mafuta ya injini, vumbi la breki, masizi ya dizeli na sabuni. Na kuna mchanga. Mitaro ya Bwaise hujaa mchanga na takataka, na mvua kubwa ikinyesha maji huingia majumbani mwa watu. Gari lililotoka safari ya vijijini huacha chini yake ndoo nzima ya tope, na tope hilo likienda mtaroni litakaa sebuleni kwa mtu.

Funzo la Kisumu

Wako wanaoliona ziwa lenyewe kama mahali pa kuoshea. Mfano unaojulikana zaidi uko Kisumu, Kenya, ambako vijana kwa miaka mingi wamekuwa wakiosha magari ufukweni, gari likiwa limeingizwa majini na wao wamesimama maji ya magotini. Kazi hiyo iliwapa riziki, na pia kichocho cha matumbo.

Kichocho husambazwa na konokono wa majini. Kijidudu hutoka kwa konokono, huogelea, hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, na minyoo hukomaa katika mishipa ya damu ya tumboni. Watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya (KEMRI) na wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani (CDC), wakiongozwa na Diana Karanja, waliwafuatilia waosha magari wa Kisumu kwa miaka. Waliwatibu kwa dawa ya prazikwanteli, wakawapima tena na tena walivyoendelea na kazi. Matokeo yalitoka mwaka 2002 katika jarida la tiba la The Lancet. Baadhi ya wanaume hao, baada ya kutibiwa na kuambukizwa mara nyingi, walijenga kinga iliyowachelewesha kuambukizwa upya. Wengine waliendelea kuugua kila walipotibiwa. Sayansi ya chanjo ya kichocho imefaidika na miili ya watu hawa, na kila anayemiliki gari Afrika Mashariki anapaswa kulijua hilo.

Konokono hao wako pia ufukweni upande wa Uganda. Aidha, kanuni za Uganda za mwaka 2000 za kulinda vinamasi, kingo za mito na fukwe zinahifadhi ukanda wa mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Viktoria. Gari lisipelekwe majini, wala kijana asitumwe ziwani na jerikeni. Maji ya bomba au ya mvua yaletwe kwenye gari.

Mahali, saa na vifaa

Chagua mahali penye nyasi au changarawe, palipo sawa, mbali na mtaro. Udongo ulio hai huyanyonya maji, hukamata tope na kuwapa vijidudu vyake nafasi ya kuvunjavunja sabuni. Kama ua wote umetandazwa matofali ya saruji, egesha ili mteremko uelekee kwenye bustani ya maua, na epuka sehemu ya mboga na kisima. Kama huna hata futi moja ya udongo, afadhali kulipeleka gari kwenye kituo cha kuoshea chenye shimo la kutuamishia tope na mafuta. Uliza kabla hujalipa maji yao yanakwenda wapi. Mwenye kituo akiulizwa na wateja wengi atachimba shimo.

Kampala iko karibu kabisa na ikweta, na zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hivyo jua lake ni kali hata hewa inapokuwa baridi. Bati la boneti likipata moto, sabuni hukauka kabla hujaisuuza na kuacha madoa. Osha kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni, gari likiwa kivulini na injini imepoa.

Vifaa ni vichache: ndoo mbili, kopo la kumwagilia maua, glavu ya kuoshea yenye manyoya marefu au taulo nene za maikrofaiba, brashi ya magurudumu peke yake, na taulo kubwa ya kukaushia. Maikrofaiba ni nyuzi nyembamba mno za plastiki zilizoanza kutengenezwa Japani mnamo mwaka 1970. Nafasi kati ya nyuzi zake humeza chembe za vumbi, zikae mbali na rangi. Sponji laini haina nafasi hizo, hivyo chembe hubaki usoni mwake na kusuguliwa kutoka bampa moja hadi nyingine. Fulana kuukuu ina mishono, na shati la mitumba lina vifungo. Vyote hivyo viende kwenye rimu au jikoni.

Kuhusu sabuni, shampuu ya magari ndiyo bora. Unga wa kufulia una magadi mengi, umeundwa kung'oa mafuta nguoni, na ukipita kwenye gari huondoa nta yote ya kinga. Chembe zake zisipoyeyuka huwa mchanga mwingine. Ukikosa shampuu, matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo yatafaa kwa siku hiyo, ingawa nayo hupunguza nta. Mafuta ya taa na dizeli yasiguse gari kabisa. Huvutia macho kwa siku mbili, huozesha raba za milango, na yanayodondoka hutia sumu udongo uliouchagua kwa makini.

Kuosha kwa jerikeni tatu

Mpira ulioachwa wazi hutoa lita 10 au zaidi kwa dakika. Dakika kumi na tano ni lita 150, yaani zaidi ya jerikeni saba. Nyumba inayonunua maji kwa mchuuzi wa baiskeli inajua hiyo ni fedha kiasi gani. Gari dogo la kawaida, Premio au Vitz lililotoka mjini, linaoshwa vizuri kwa jerikeni tatu.

Jerikeni ya kwanza ni ya kuondoa vumbi bila kugusa. Jaza kopo la kumwagilia, anza juu ya paa, acha maji yashuke yenyewe juu ya vioo, boneti na milango. Ngoja dakika mbili au tatu vumbi lilainike, kisha rudia. Usiweke mkono. Hatua hii ndiyo inayookoa rangi, maana kila chembe inayoondoka na maji haitasuguliwa.

Jerikeni ya pili igawe: lita kumi ndoo ya sabuni, lita kumi ndoo ya kusuuzia. Chovya glavu kwenye sabuni, osha kipande kimoja cha gari kwa mistari iliyonyooka, kisha isuuze vizuri katika ndoo ya pili kabla hujairudisha kwenye sabuni. Vumbi litatuama chini ya ndoo ya kusuuzia, na ndoo ya sabuni itabaki safi hadi mwisho. Fuata mpangilio wa uchafu: paa kwanza, kisha vioo, boneti, buti, nusu ya juu ya milango, nusu ya chini, mwisho bampa. Sehemu za chini hubeba mchanga unaorushwa na matairi, na mchanga huo usipande juu. Glavu ikianguka chini, iweke kando mpaka ifuliwe.

Usikandamize. Masizi ya dizeli, moshi wa mkaa na wa takataka zinazochomwa hufanya utando wa mafuta juu ya gari la mjini, na utando huo hutolewa na sabuni pamoja na muda. Nguvu ya mkono haihitajiki.

Maji yaliyobaki katika ndoo zote mbili, pamoja na mchanga wake, yapeleke kwenye matairi, rimu na ndani ya madigadi kwa brashi yake. Huko mchanga hauna cha kuharibu, na hivyo maji yamefanya kazi mara mbili.

Jerikeni ya tatu ni ya kusuuza kwa kopo, kutoka juu kwenda chini. Ukiwa na tangi la kukinga maji ya mvua, hapa ndipo mahali pake. Acha mvua ya mwanzo ioshe paa la nyumba kwanza, kisha kinga inayofuata. Maji hayo hayana chumvi za kuacha madoa meupe. Maliza kwa kukausha: tandaza taulo juu ya boneti, ivute taratibu kuelekea kwako, ikamue. Ukimaliza milango, ifungue na kufuta kingo zake, kwani matone yakiachwa hapo hutiririka barabarani na kukusanya vumbi.

Kalooli na fenesi

Ndege mkubwa wa Kampala ni korongo mfukoshingo, ambaye Waganda humwita kalooli. Hutaga juu ya miti mikubwa ya mji na hula majalalani. Kinyesi chake ni kingi, kina tindikali, na mara nyingi kina chembe ngumu za alichokula. Kikikaa juani kwa siku moja au mbili huacha alama ndani ya vanishi ambayo haiondoki kwa kuosha. Loanisha kitambaa, kilaze juu ya doa kwa dakika tano hadi kumi, kisha inua uchafu pamoja na kitambaa. Anayekwangua kwa ukucha anachora.

Utomvu wa mfenesi na mwembe haushindwi na maji. Tone likiwa bichi, maji ya vuguvugu na sabuni hulilainisha. Likikauka, tia mafuta kidogo ya kupikia, subiri, futa, kisha osha sehemu hiyo kwa sabuni. Kivuli cha mti ni kizuri, lakini angalia juu kabla hujazima injini.

Chini, kusikoonekana

Watu huosha wanachokiona. Kutu huanzia kusikoonekana. Tope jekundu ni la mfinyanzi, hushika maji kwa siku nyingi, na likijibana kwenye mikunjo ya madigadi na chesisi hukiacha chuma kimelowa hata wakati barabara imekauka. Gari lililotumika kaskazini mwa Japani, ambako theluji huyeyushwa kwa chumvi barabarani, huenda limefika na kutu iliyokwisha anza. Baada ya safari ya barabara za moramu wakati wa mvua, tenga jerikeni moja ya ziada kwa huko chini tu: nyuma ya matairi, ndani ya madigadi, chini ya milango.

Pembeni mwa kila mlango, upande wa chini, kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Vizibue kwa kijiti laini. Maji yakikosa njia hubaki ndani ya mlango, na bati huoza kuanzia ndani. Vivyo hivyo chini ya waipa, ambako majani na maua ya jakaranda hujikusanya. Injini usiimwagie maji. Vumbi lake lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, injini ikiwa baridi, mbali na betri na nyaya.

Mara ngapi

Majira yanatoa jibu. Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti, vumbi hutawala: osha mara moja kwa wiki, na katikati ya wiki mwagia maji tu bila kusugua. Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, mvua huondoa vumbi la juu yenyewe. Nguvu yako iende chini ya gari na kwenye matundu ya maji. Mwanzoni mwa kila kiangazi paka nta nyembamba, ili vumbi lisishike na maji yateleze. Siku zote safisha vioo, taa na namba za gari, kwa sababu hizo ni za usalama wa watu wengine.

Kuhusu alfajiri na kitambaa kikavu, zungumza na anayekitumia. Mwonyeshe boneti jioni juani, mpe kopo la maji na maikrofaiba, mweleze kwamba gari lenye vumbi kidogo likiwahi kazini halijamwaibisha mtu.

Kazi ikiisha kagua mahali pawili. Simama ubavuni mwa gari uitazame rangi katika mwanga wa jua: kama hakuna mkwaruzo mpya, umeosha vizuri. Kisha toka nje ya lango uangalie mtaro: kama ni mkavu, umewaoshea na majirani. Kipimo cha pili kina uzito sawa na cha kwanza, na kaya yoyote ya Kampala inaweza kuvifikia vyote viwili kwa jerikeni tatu.